Rais akishatamka jambo: nani analiandika, nani analilipa, na linakwama wapi?

Masijala (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila wiki humu mtu anauliza: "Rais aliagiza tangu mwaka jana, mbona kimya?" Majibu yanagawanyika hapo hapo, wanaomtetea huku na wanaomlaumu kule, na hakuna anayeeleza agizo lenyewe lilipaswa kupita wapi. Naomba uzi huu tuutumie kuweka wazi Serikali ya Tanzania inavyofanya kazi kuanzia kiti cha Rais kushuka chini, kwa ibara na kwa karatasi zinazohusika. Mimi nasimamia jambo moja: kauli ya Rais ni mwanzo tu, kinachoiendesha Serikali ni hati. Agizo lisilo na hati, lisilo na kasma (mstari wake kwenye bajeti) ya kulilipia na lisilo na mtu wa kulijibia litabaki kwenye video ya mkutano.

Tuanze na Katiba ya 1977. Ibara ya 33 inampa Rais vyeo vitatu kwa pamoja: Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 34 inaweka mikononi mwake mamlaka yote ya Serikali ya Muungano, kwa mambo ya Muungano na kwa mambo yote ya Tanzania Bara. Ibara ya 35 inasema watumishi wa Serikali wanatekeleza shughuli hizo kwa niaba yake. Halafu soma 37(1): Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afuate. Ndiyo maana ni makosa kulifikiria Baraza la Mawaziri kama bodi inayopiga kura na mwenyekiti akashindwa. Ibara ya 54 inalifanya chombo cha kumshauri Rais, na inazuia mahakama yoyote kuchunguza ni ushauri gani aliopewa.

Sasa njia ya agizo. Cha kwanza Ikulu inachotakiwa kujua ni agizo liko kundi gani.

Kama jambo limo ndani ya sheria iliyopo na ndani ya bajeti iliyopitishwa, Katibu Mkuu Kiongozi anaandika kwa Katibu Mkuu wa wizara husika. Huyo Kiongozi ndiye Katibu wa Baraza la Mawaziri kwa ibara ya 60 na ndiye mkuu wa utumishi wa umma. Kama utekelezaji uko halmashauri, barua inapita TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa (RAS), kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Tuna mikoa 26 Bara na halmashauri 184. Kila ngazi inafungua jalada, inaandika barua mpya yenye kumbukumbu namba mpya, na kila barua mpya ni nafasi ya maneno kubadilika. Agizo la "wafanyabiashara wadogo wasisumbuliwe" likitoka juu bila kutaja ni tozo gani, kwa sheria ndogo ipi, wakurugenzi 184 watalitafsiri kwa namna 184. Hapo hakuna aliyekaidi, agizo halikuandikwa kwa namna ya kutekelezeka.

Kama jambo linahitaji kubadili kanuni, kazi ni ya waziri mwenye dhamana na sheria hiyo. Kanuni zinaandikwa, zinachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, zinapewa namba ya Tangazo la Serikali, na baadaye Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo inazipitia. Chukua tozo ya miamala ya simu. Sheria ya Fedha ya 2021 iliweka ukomo, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, viwango vyenyewe vikaachwa kwa Waziri wa Fedha avipange kwa kanuni. Makato yakaanza Julai 15, 2021. Wananchi wakalalamika, Rais akaagiza yaangaliwe upya, na Septemba viwango vikashuka kwa asilimia 30. Bunge halikuhusika kwa sababu namba zilikuwa kwenye kanuni. Hata hivyo ilichukua wiki saba hivi, na hili lilikuwa jambo ambalo nchi nzima ililipigia kelele na Waziri mwenyewe alikuwa amepewa maelekezo.

Kama jambo linahitaji sheria mpya, ni safari nyingine. Wizara inaandaa Waraka wa Baraza la Mawaziri: hali ilivyo, tatizo, mapendekezo, gharama, maoni ya wizara nyingine, na mwishoni uamuzi unaoombwa. Unapita kwa wataalamu wa Sekretarieti ya Baraza, unakwenda kwenye kamati ya makatibu wakuu ambayo Serikalini wanaiita IMTC, ndipo unafika Baraza lenyewe. Nyaraka nyingi hurudishwa hatua ya makatibu wakuu, na sababu kubwa ni mbili: Hazina haijakubali gharama, au wizara mbili zinadai jukumu moja. Baraza likiridhia, waandishi wa sheria wanaandika muswada, unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali siku 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza, unakwenda kamati ya Bunge kusikiliza wadau. Rais anaweza kusaini hati ya dharura na siku hizo zikafupishwa, kama ilivyofanyika kwa sheria za rasilimali na madini Julai 2017.

Karibuni wenye kujua zaidi, hasa upande wa fedha na uteuzi.

---

Dodoma_Makulu

Mkuu umeeleza vizuri. Swali langu: waziri akishaagizwa hadharani, si anatoa tu hela wizarani kwake akamaliza kazi? Wizara si ni yake?

---

Fungu30

Hapana mkuu, waziri hana sahihi kwenye hati ya malipo. Mwenye sahihi ni Afisa Masuuli, ambaye wizarani ni Katibu Mkuu, mkoani ni RAS, halmashauri ni Mkurugenzi. Waziri anatoa sera na maelekezo. CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) akikuta hoja, anayeitwa kujieleza ni Afisa Masuuli, mbele ya PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali, na kwa halmashauri ni mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa.

Fedha zimegawanywa kwa mafungu. Ikulu ni Fungu 20, Ofisi ya Rais na Sekretarieti ya Baraza la Mawaziri ni Fungu 30, Makamu wa Rais 31, Waziri Mkuu 37, TAMISEMI 56, Mkoa wa Dodoma 72. Ndani ya fungu kuna vifungu, ndani ya kifungu kuna kasma. Bunge linapitisha mafungu hayo mwezi Aprili hadi Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Hata baada ya kupitishwa, ibara ya 136 inataka CAG aidhinishe kabla fedha hazijatoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Malipo yanafanyika kwenye mfumo wa MUSE, na shughuli isiyo na kasma humo hailipiki, hata aliyeagiza awe nani.

Sasa fikiria Rais anafika wilayani mwezi Septemba, anaona kituo cha afya hakina wodi ya wazazi, anatamka wodi ijengwe ndani ya miezi mitatu. Ukomo wa bajeti wa halmashauri ulipangwa karibu mwaka mzima kabla, na wodi haimo. Njia zilizobaki ni tatu. Hazina ihamishe fedha kutoka mahali pengine kwa utaratibu wa Sheria ya Bajeti ya 2015, maana yake mradi fulani uliokuwa kwenye mpango unapungukiwa. Au halmashauri itumie mapato yake ya ndani, na hapo baraza la madiwani liridhie kubadili matumizi. Au jambo liingizwe bajeti ya mwaka unaofuata, na hapo miezi mitatu imeshageuka kumi na minane.

Njia ya nne ndiyo inayotokea sana na ndiyo mbaya: mkurugenzi kwa hofu anachota fedha za shughuli nyingine, tuseme za vyoo vya shule, anajenga wodi mpaka usawa wa renta, fedha zinakwisha. Mwakani CAG anaandika hoja ya matumizi nje ya bajeti, wodi haina paa, vyoo havipo. Kila mtu anajiona alitii. Afisa Masuuli anayejua kazi anaandika barua siku hiyo hiyo kuomba chanzo cha fedha na maelekezo kwa maandishi. Barua hiyo ndiyo inayomkinga yeye, na ndiyo inayoilazimisha ngazi ya juu kutafuta fedha kweli.

Jambo lingine: fedha zikiingia Mei, manunuzi yenyewe yanataka tangazo, tathmini, idhini ya bodi ya zabuni, mkataba. Juni 30 inafika. Hapo ndipo unasikia fedha vuka mwaka, na usipofuata taratibu za kuombea zibaki, zinarudi Hazina.

---

Wakili_wa_Mtaa

Niongeze upande wa uteuzi, maana hapo ndipo watu wanapotosha sana.

Ibara ya 36 inampa Rais uwezo wa kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka katika utumishi wa Serikali. Lakini uteuzi wa kisiasa una masharti tofauti kwa kila cheo.

Makamu wa Rais hateuliwi wala kutenguliwa kama waziri. Anachaguliwa kwenye karatasi moja na Rais kama mgombea mwenza, utaratibu ulioingia mwaka 1994, na lazima atoke upande mwingine wa Muungano. Wa kumwondoa ni Bunge kwa ibara ya 50.

Waziri Mkuu anateuliwa na Rais ndani ya siku 14 tangu Rais ashike madaraka. Lazima awe mbunge wa jimbo, kutoka chama chenye wabunge wengi, na hashiki kazi mpaka Bunge limthibitishe kwa azimio. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliapa Novemba 5. Jina la Kassim Majaliwa lilisomwa Bungeni Novemba 19, siku ya 14 kamili, akathibitishwa siku hiyo hiyo na kuapishwa kesho yake. Mnaona Katiba ilivyokuwa imebana ratiba.

Mawaziri lazima wawe wabunge, lakini si lazima wawe wa jimbo. Hapo ndipo zinapofanya kazi zile nafasi 10 za wabunge wa kuteuliwa na Rais, ambazo angalau 5 ziwe za wanawake. Mwishoni mwa Machi 2021 Balozi Liberata Mulamula aliteuliwa mbunge na kukabidhiwa Wizara ya Mambo ya Nje kwa pamoja. Hakuna cha ajabu pale, bila ubunge asingeweza kuapa kuwa waziri. Idadi ya mawaziri haina kikomo kwenye Katiba. Kila Baraza likibadilika muundo, inatoka hati ya mgawanyo wa majukumu kwenye Gazeti la Serikali ikionyesha sheria ipi na idara ipi iko kwa nani. Hati hiyo ikichelewa, idara inabaki inaelea: bajeti iko wizara ya zamani, waziri wake ni mpya, na makatibu wakuu wawili wanaogopa kusaini.

Kuna kipengele ambacho wengi hawakijui, ibara ya 57. Uwaziri unakoma mara tu kabla ya Rais Mteule kushika madaraka. Unakoma pia Waziri Mkuu akijiuzulu au kiti chake kikiwa wazi. Hilo la pili lilitokea Februari 2008: Edward Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, Baraza zima lilianguka naye, wakiwemo mawaziri ambao hawakuguswa na ripoti hata kwa sentensi moja. Rais Kikwete akamteua Mizengo Pinda na kuunda Baraza upya. La kwanza lilionekana 2015: kuanzia Novemba 5 hadi mawaziri walipoapa Desemba 12 wizara ziliendeshwa na makatibu wakuu. Uteuzi wa kwanza wa Magufuli siku ile ulikuwa wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu Serikali inaweza kusubiri waziri lakini haiwezi kukaa bila mshauri wa sheria.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Wakili, na 2021 je? Magufuli alifariki Machi 17, Samia akaapa Machi 19. Mbona Majaliwa aliendelea bila kurudi Bungeni, wakati Rais alikuwa mpya?

Halafu Naibu Waziri Mkuu anatoka ibara ipi? Nimetafuta sijamwona.

---

Wakili_wa_Mtaa

Swali zuri sana mkuu. Maneno ya Katiba ni "Rais Mteule". Mama Samia hakuingia kama Rais Mteule, aliingia kwa ibara ya 37(5): kiti kikiwa wazi kwa kifo, Makamu anaapishwa na kuwa Rais kwa muda uliobaki wa ile miaka mitano. Kwa hiyo Waziri Mkuu na mawaziri hawakuanguka. Alichotakiwa kufanya ni kujaza nafasi aliyoiacha yeye mwenyewe: kushauriana na chama, kupeleka jina Bungeni, na kupata angalau asilimia 50 ya wabunge wote. Jina la Philip Mpango lilipelekwa Machi 30, akapata kura zote 363, akaapa Machi 31.

Na ibara ya 40(4) ikaanza kuhesabu. Makamu akirithi kiti kwa muda unaopungua miaka mitatu, anaruhusiwa kugombea mara mbili. Ikiwa miaka mitatu au zaidi, anagombea mara moja tu. Pale zilibaki zaidi ya miaka minne na nusu, kwa hiyo ni mara moja.

Naibu Waziri Mkuu huwezi kumwona kwa sababu Katiba haimtaji. Rais anaanzisha nafasi hiyo kwa uwezo wake wa ibara ya 36. Salim Ahmed Salim aliwahi kuishika, akaja Augustino Mrema, na Agosti 2023 akateuliwa Dotto Biteko akiwa pia Waziri wa Nishati. Kwa kuwa cheo hakina ibara, hakina kuthibitishwa na Bunge wala majukumu ya kudumu. Majukumu yake ni yale aliyokabidhiwa na aliyemteua, na siku Rais akiacha kumteua mtu, hakuna Katiba iliyovunjwa.

---

BintiNgambo

Ndugu zangu wa Bara, mmeeleza yote na Zanzibar mmeipita. Naomba nitie neno.

Rais wa Zanzibar ni mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano kwa ibara ya 54. Hakai pale kama mgeni. Lakini si msaidizi wa Rais wa Muungano kwa mambo yasiyo ya Muungano: elimu ya msingi, afya, kilimo, ardhi, hayo ni ya Serikali ya Mapinduzi, na Baraza letu linaitwa Baraza la Mapinduzi, Mwenyekiti wake ni Rais wa Zanzibar. Mambo ya Muungano yameorodheshwa kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Yalianza 11 mwaka 1964, leo orodha ina vipengele 22.

Kwa hivyo agizo la Rais wa Muungano kuhusu hospitali au mashamba haliendi Pemba kwa barua ya TAMISEMI. TAMISEMI haina mkono huku. Likihusu polisi, uhamiaji au ulinzi, hapo linafika moja kwa moja kwa sababu vyombo ni vya Muungano. Watu wakichanganya hili wanalaumu ofisi isiyo na uwezo kabisa.

Na muundo wetu ni tofauti. Tangu marekebisho ya 2010 tuna Makamu wawili. Wa Kwanza anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili, kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wa Pili ndiye msimamizi wa shughuli za Serikali kwenye Baraza la Wawakilishi, kazi inayofanana na ya Waziri Mkuu. Maalim Seif aliapa kuwa Makamu wa Kwanza Desemba 2020, alipofariki Februari 2021 nafasi ilibaki kwa chama chake, na Othman Masoud Othman akaishika. Kiti ni cha chama kilichopata kura, mtu akiondoka chama kinatoa mwingine.

---

Mwana_Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Nafuatilia uzi huu kwa makini, na hoja ya Masijala kuhusu hati sisi tumeiandika kabisa kwenye Katiba ya 2010. Ibara ya 135 inasema uamuzi wa Rais katika kutekeleza jukumu lake la kikatiba lazima uwe kwa maandishi, uwe na muhuri na sahihi yake. Tamko la barabarani pekee halitoshi. Julai 2023 Rais Ruto alitangaza kuondoa marufuku ya kukata miti, watu wakaenda mahakamani, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikasimamisha.

Mawaziri wetu hawawi wabunge. Rais anawateua, Bunge la Kitaifa linawahoji na kuwaidhinisha, na idadi ni kati ya 14 na 22. Jaribio la kuongeza makatibu wasimamizi 50 lilipigwa chini na Mahakama Kuu Julai 2023. Mgawanyo wa wizara unatolewa kwa Agizo Kuu Namba 1, hilo ndilo hati yenu ya majukumu. Kasoro niionayo kwetu: waziri asiye mbunge hukosa kuwa karibu na maswali ya kila siku bungeni, ingawa sasa wanaitwa kujibu.

Naibu Rais naye hafutwi na Rais. Oktoba 2024 ilibidi Bunge la Kitaifa lipitishe hoja dhidi ya Rigathi Gachagua, kisha Seneti isikilize mashtaka na kupiga kura. Lakini mawaziri, Rais aliwaondoa karibu wote kwa siku moja, Julai 11, 2024.

---

Dodoma_Makulu

Sasa wakuu, kwa mliyoandika inaonekana Rais wetu hana cha kumzuia. Halazimiki kufuata ushauri, mahakama haichunguzi. Bunge lina meno gani?

---

Masijala

Meno yapo, ila kila jino lina hesabu yake, na hesabu ndiyo inayoamua.

Muswada: Rais akiukataa anaurudisha na sababu. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote na kumpelekea ndani ya miezi sita, ana siku 21 za kuukubali, la sivyo alivunje Bunge. Watu wanasoma hapo na kuona Rais ameshinda. Wasome na 38(2): Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi na uchaguzi wa Rais unafanyika. Hivyo anayelivunja anaweka rehani kiti chake. Hali ni hiyo hiyo Bunge likikataa bajeti, ambayo ni moja ya sababu za kulivunja kwa ibara ya 90.

Kumwondoa Rais ni ibara ya 46A: hoja isainiwe na asilimia 20 ya wabunge, Spika apewe taarifa siku 30 kabla, theluthi mbili waridhie kuunda kamati ya uchunguzi inayoongozwa na Jaji Mkuu, akiwemo pia Jaji Mkuu wa Zanzibar, halafu theluthi mbili tena kupitisha hoja. Kwa Bunge ambalo chama kimoja kina zaidi ya theluthi mbili, njia hii ipo kwenye maandishi tu. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu udhaifu wake uko kwenye idadi ya viti, ibara yenyewe imeandikwa vizuri.

Waziri Mkuu ni 53A, na wingi wa kawaida wa wabunge wote unatosha. Hapa kosa la utaratibu linaua hoja. Aprili 2012 wabunge walikusanya sahihi za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, lakini mkutano wa Bunge ulikuwa unaisha na Katiba inataka taarifa ya siku 14, hoja ikakwama hapo. Lakini shinikizo halikupotea: Mei 4 Rais Kikwete akapangua Baraza na mawaziri kadhaa wakaachwa. Hoja iliyokufa kwa kalenda ilifanya kazi ya kisiasa.

Hali ya hatari, ibara ya 32: Rais anatangaza, Spika anaitisha Bunge ndani ya siku 14, theluthi mbili waamue.

Mahakama hazijafungwa kote. Kanuni, matangazo na maamuzi ya mawaziri yanapingwa Mahakama Kuu. Kilichofungwa ni kuhoji matokeo ya uchaguzi wa Rais yakishatangazwa, ibara ya 41(7). Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha hapo hapo, ilitamka Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Kenya wanasikiliza kesi ya namna hiyo kwa siku 14, na Septemba 1, 2017 walifuta uchaguzi. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika kiti cha Rais kwetu, na linapaswa kuwa la kwanza kwenye mjadala wa Katiba mpya.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Na hawa ma-DC (wakuu wa wilaya) wanaoweka watu ndani saa 48 "kwa agizo la Rais"? Hilo nalo lina karatasi?

---

Wakili_wa_Mtaa

Lina sheria, na sheria yenyewe ina masharti wanayoyaruka. Ni Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, kifungu cha 7 kwa Mkuu wa Mkoa na cha 15 kwa Mkuu wa Wilaya. Anaweza kuagiza mtu akamatwe kama ametenda kosa la kukamatika, au kama ana sababu ya kuamini kwamba mtu huyo atavunja amani na hakuna namna nyingine ya kuzuia. Lazima aandike sababu zake, na mtu afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 48. Asipofikishwa, anaachiwa, na hakamatwi tena kwa sababu hiyo hiyo.

Saa 48 ni muda wa juu kabisa wa kumfikisha mahakamani, si adhabu. Mtumishi aliyechelewa kikao, mwandishi aliyeuliza swali, mkandarasi aliyechelewesha darasa: hao wote hawaingii kwenye kifungu hicho. Ukiwa ndugu wa aliyekamatwa, nenda kituoni uliza mambo mawili: kosa lililoandikwa kwenye kitabu cha mahabusu, na maelezo ya maandishi ya DC. Yakikosekana, wakili ana pa kuanzia. Na kumtaja Rais hakuongezi kitu, maana uwezo huo umetolewa kwa DC na sheria ya Bunge na yeye ndiye wa kuujibia.

---

Mtendaji_wa_Kata

Nashukuru kwa uzi huu. Mwananchi akija na video ya Rais ofisini kwa mtendaji, anatakiwa aulize nini ili asizungushwe?

---

Fungu30

Mkuu, asiishie kwa mtendaji wa kata, ambaye mara nyingi hajapokea kitu. Aandike barua kwa Mkurugenzi, nakala kwa RAS, ataje tarehe na mahali Rais alipotoa agizo na maneno yenyewe. Aulize: barua ya maelekezo ina kumbukumbu namba ngapi na ni ya tarehe gani? Kama ni kanuni, Tangazo la Serikali namba ngapi? Gazeti la Serikali hutoka Ijumaa na linatafutika. Kama ni mradi, uko kasma ipi, mwaka gani wa fedha, kiasi gani, na kimepokelewa kiasi gani? Bajeti ya halmashauri inabandikwa, na mapokezi ya fedha husomwa kwenye kikao cha robo mwaka cha baraza la madiwani, ambacho mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza.

Barua ipelekwe masijala, nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ikigongwa imeingia jaladani, na ofisa atakayekuja baada ya huyu ataikuta. Kama jibu ni "haijaingia kwenye bajeti", basi kazi ya diwani ni kuisukuma kabla ya Januari, wakati halmashauri zinapanga. Ikifika Aprili mafungu yako Bungeni, na kuingiza kitu kipya hapo ni vigumu sana.